Mboni ya Jicho la Kushoto

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu asubuhi na Mchafukoge yote ni matope. Sijaweza kusoma chochote. Nikifumba macho naona kidole gumba cha nesi.

Baba yuko ICU tangu alipoanguka kutoka kwenye ngazi ya stoo yake Kariakoo na kuumia ubongo. Anapewa dawa za usingizi, kwa hiyo hata tukimwita hasikii. Leo nesi aliniruhusu nisimame karibu. Akainua kope za Baba, akamulika tochi.

"Yeye hawezi kutujibu," alisema, "kwa hiyo tunaziuliza mboni zake."

Ya kulia ilisinyaa mara moja. Ya kushoto ilichelewa, kisha nayo ikasinyaa kidogo. Nesi alisema ni dalili nzuri, ila si ahadi. Siku mboni zikiacha kabisa kuujibu mwanga, ndipo madaktari wataogopa. Halafu akamfumba macho, taratibu, kwa kidole gumba.

Shangazi Mwajuma alikuwa nje, akichungulia kwenye kioo cha mlango. Kwetu mtu anayefumbwa macho na mwenzake ni marehemu. Nilipotoka hakuwepo. Nikadhani ameenda kuswali.

Nyumbani nilikuta viatu vimejaa mlangoni. Mikeka imetandikwa, wanawake wanalia, Mama amekalishwa katikati. Jirani akanikumbatia. "Pole mwanangu. Baba yako alikuwa mtu wa watu."

Alikuwa.

Nikasema hajafa. Wakaniletea maji, wakasema mtoto kachanganyikiwa. Mpaka baba mdogo alipopiga simu hospitali ndipo vilio vikakatika.

"We Mwajuma, utatuua kwa presha kabla ya mgonjwa mwenyewe," akasema, na watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Shangazi hakucheka. Alianza kukunja mikeka.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mboni niliiona mwenyewe ikisinyaa. Na bado, jirani aliponikumbatia, niliamini. Kwa muda mfupi nilikuwa nimeshamzika Baba, na tangu hapo kila nikimfikiria anakuja akiwa na sanda.

Mama anataka kesho niende mimi nikaangalie, kwa kuwa nimesoma biolojia na nitaelewa. Nimekubali. Naomba jicho la kushoto liwahi kidogo kuliko leo, kidogo tu.

Lakini likichelewa zaidi, nitamrudia Mama na uso gani?