Zamu Yangu ya Jumatano

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Shemeji bado anaficha dawa zake na kudai amekunywa? Hapa watoto hawajambo, na baba yao anakusalimu. Mimi mwili ni mzima, ila kwa mwezi mzima nimekuwa mtu wa kushtuka hata mlango ukibishwa. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungesikia sauti yangu ukanikatiza.

Unamkumbuka Mama Sindano, yule fundi cherehani aliyeshonea kwaya nzima sare bila kumpima mtu, kwa kututazama tu. Miezi mitatu iliyopita alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa ganzi, ulimi nao ukagoma. Hana mume wala mtoto. Umoja wetu wa akina mama kanisani ukasema mwenzetu hatalala njaa, tukagawana zamu. Mwenyekiti, mkunga mstaafu, akatufundisha kumgeuza, kumwosha, na kumlisha kijiko kwa kijiko asipaliwe. Mimi nilipewa Jumatano mchana, nikitoka kufundisha chekechea. Jioni yake anakuja msusi, mdogo kuliko sisi wote, mwenye mikono myepesi na maneno mengi.

Jumatano moja msusi alimkuta Mama Sindano sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, nguo zimelowa, midomo imekauka, bega limeteguka. Tuliitwa sote. Mwenyekiti akaniuliza mchana nilimwachaje. Nikasema nilimlisha, nikamgeuza, nikamwekea mito, nikamwacha salama. Basi wakaona msusi ndiye aliyemwangusha akimnyanyua peke yake, na anaogopa kusema. Alikana mara moja tu. Mwenyekiti akamwambia kwa upole apumzike kwanza kumhudumia mgonjwa. Tangu hapo akawa anakaa benchi la nyuma, na yale maneno mengi yakaisha.

Kisha Mama Sindano akaanza kupata ulimi. Wenzangu walishangilia neno la kwanza, "maji," na la pili, "dirisha." Mimi, dada, nilifika mahali pa kupiga magoti na kuomba mgonjwa asiseme.

Jumatano ya wiki iliyopita nilikuwa namlisha. Akafunga mdomo, akanitazama, akasema taratibu, "Hukuja." Nikangoja aseme zaidi, au alie. Akafumbua tu mdomo apewe supu, maana alikuwa na njaa.

Ni kweli, Jumatano ile sikwenda. Jumapili baada ya ibada nilisimama mbele ya akina mama nikasema yote. Hakuna aliyeninyooshea kidole, afadhali wangenitukana. Msusi peke yake ndiye aliyeuliza, "Siku hiyo ulikuwa wapi?" Nilitamani ningekuwa na msiba, au mtoto mwenye homa. Nikamjibu nilikuwa nyumbani. Nilivaa kiatu kimoja, nikakaa kitandani, nikahisi uchovu wa wiki zote zile, nikalala. Kisha akasema Jumatano atashika zamu zote mbili; nije nikitaka, ila nisimguse mgonjwa yeye akiwa hayupo. Jana nilikwenda. Tulimgeuza pamoja.

Ningeweza kuishia hapo, lakini swali la msusi halijaniacha, kwa sababu si yeye peke yake anayestahili kujibiwa. Mwaka ule mama alipokuwa hawezi kuinuka, ukamuuguza peke yako miezi saba, nilikuambia kila mara kwamba kazini wamenikatalia ruhusa. Dada, sikuomba ruhusa hata siku moja. Shule ilifungwa mara mbili katika miezi hiyo, nami nilikuwa nimekaa nyumbani. Niliogopa kumwona mama akiwa vile. Na wewe ulikuwa ukiwaambia majirani, "Mdogo wangu kazi imembana."

Sikuombi unisamehe kwa barua. Shule zinafungwa baada ya wiki mbili. Ukisema nije, nitakuja. Ukisema bado, nitangoja mpaka utakaponiita.

Wafikishie wote wa nyumbani salamu zangu, na wewe pokea heshima za

mdogo wako,
yule uliyekuwa ukimtetea.