Tangi la Samaki la Bi Farangis

Isfahan, 8 Bahman

Binti yangu Mahrokh,

Baba yako anakusalimu, na anaomba salamu hizi zikukute mzima na umevaa soksi, maana nasikia Mashhad mmefunikwa na theluji. Mimi sijambo. Goti linalalamika kila asubuhi, nikishakunywa chai linanyamaza. Sikio la kushoto limekufa kabisa na la kulia liko njiani, ndiyo maana nashukuru tumerudi kwenye barua. Simu sasa naisikia kama nyuki ndani ya chupa, na sitaki kukupigia makelele kama muuza vitunguu. Kiumars anaendeleaje huko kusini kwenye visima vya gesi? Akirudi mpe salamu za mkwewe.

Nimeshaanza kufungasha. Nilikuambia nitahamia kwako kabla ya Nairuzi, mwaka mpya haujaingia, na neno langu liko palepale.

Sasa kuna jambo dogo nataka ushauri wako. Bi Farangis, yule jirani wa ghorofa ya juu, mjane wa mwalimu wa jiografia, naye anahama. Anakwenda Karaj kukaa na wanawe, kwa hiyo anauza vitu. Juzi nilipanda kumpa pole ya safari nikaliona tangi la samaki la marehemu mumewe. Ni dogo, linatosha kukaa juu ya kabati ya viatu. Kona moja ya kioo imemeguka ikazibwa kwa gundi. Ndani mna samaki wekundu wawili.

Jua la asubuhi lilikuwa linapita kwenye yale maji na kutokea ukutani, ukuta mzima ukawa unatembea. Nilikaa pale nikitazama, mwanangu, hata Bi Farangis akadhani nimeugua. Nilikuwa nimerudi mtoni, enzi tulipokuwa tukisuuza vitambaa tulivyochapa nakshi, maji yamefika magotini, rangi nyekundu na buluu inajiendea zake chini ya daraja. Sasa mto umekauka, vijana wanacheza mpira pale nilipokuwa nikisimama. Hodhi ya uani kwetu iko chini ya maegesho ya magari. Sikuwa najua kwamba nina hamu kiasi hiki ya kuona maji tu, yametulia mahali.

Nikauliza bei. Akasema, "Fundi Nosrat, kitu chenyewe hakistahili hata kutajwa mbele yako. Lichukue tu." Nikasema haiwezekani. Akasema chukua, nikasema wallahi sichukui. Unakumbuka hesabu ya mama yako, Mungu amrehemu? Neno la kwanza adabu, la pili adabu, la tatu ndilo la mtu mwenyewe. Sisi tuliipita tatu tukaiacha mbali, chai ikapoa, nikashuka mikono mitupu. Mpaka leo bei siijui.

Nishauri. Nilinunue au niliache?

Baba yako

*

Mashhad, 17 Bahman

Baba, roho yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma nikiwa nimevaa soksi, usiwe na wasiwasi. Mimi ni mzima, baridi tu inatuuma. Kiumars anakubusu mikono. Hilo goti unalipaka ile dawa niliyokutumia, au umeitia kwenye droo pamoja na nyingine zote?

Sasa baba, unafungasha au unafungua? Mtu anayehama ananunuaje maji? Tangi la samaki halipandi treni. Ukilinunua itabidi ukae hapo ulilinde, na mimi sitaki ukae hapo. Mwaka jana ulianguka bafuni ukalala sakafuni mpaka majirani waliposhangaa mbona redio yako inaunguruma kutwa nzima. 

Halafu hiyo kona ya gundi. Gundi inazeeka kama watu. Siku moja utaamka ukute mazulia yanaelea.

Na samaki wenyewe wewe hutawaweza, moyo wako siyo wa samaki. Kila Nairuzi ulituletea mmoja kwenye mfuko wa plastiki, tukamweka mezani kati ya tufaha na kioo, na kila mwaka alikufa kabla ya siku ya kumi na tatu, sikukuu haijaisha. Ukamzika chini ya mkomamanga, ukakataa chakula cha mchana. Mama alikuwa akisema mti ule siku moja utazaa dagaa.

Chumba chako kiko tayari. Nimekipaka rangi mwenyewe, dirisha linatazama mawio ya jua. Njoo ukae na sisi, mzigo mzima ni wangu.

Lakini nijibu moja: unataka tangi, au unataka sababu ya kupanda ngazi kwa Bi Farangis? Na hilo goti lako!

Binti yako anayecheka peke yake,
Mahrokh

*

Isfahan, 29 Bahman

Binti yangu,

Natumai baridi imepungua na wewe umepunguza kucheka wazee. Mimi sijambo. Dawa ya goti iko kwenye droo, umejuaje?

Nilikutii. Nilipanda nikamwambia Bi Farangis kwamba mwanangu ameona nisinunue, akasema amefurahi kwa sababu mwana mwenye akili ni neema. Nikaona aibu. Siku iliyofuata nikapika ile supu nzito ya tambi na dengu kama alivyokuwa akipika mama yako, kitunguu nikakiunguza kidogo lakini mnanaa ukaficha. Nikampelekea kwenye lile bakuli la buluu.

Unajua bakuli la jirani halirudi tupu. Nilitarajia tende, au mchele wa zafarani. Jana akashuka, akanipa bakuli langu kwa mikono miwili polepole sana, na mlikuwa na maji, na ndani ya maji mlikuwa na samaki mwekundu.

Sasa mimi nifanye nini? Sijanunua chochote. Nimerudishiwa bakuli langu.

Yuko hapa mezani ninapoandika. Anazunguka upande mmoja tu, bakuli ni dogo, anaipita picha ya mama yako na kuipita tena. Nimeanza kuota, Mahrokh. Naota niko mtoni na kitambaa kirefu mkononi, nakisuuza, hakiishi, na kila kinapokunjuka maumbo niliyochapa yanatoka kwenye kitambaa yanakwenda na maji. Ndege wanakwenda, misonobari inakwenda. Mama yako yuko ng'ambo anayapokea mojamoja anayaweka kapuni. Nikiamka mikono yangu naiona kama imelowa.

Nimekula na kuvaa vizuri. Usikasirike.

Baba yako

*

Mashhad, 5 Esfand

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Mrudishie samaki wake. Kama huwezi kumrudisha kwa maneno, mpandishe ndani ya bakuli hilohilo uliache mlangoni.

Kiumars amekukatia tiketi ya treni, tarehe ishirini na tano. Nimeshamwambia mwenye duka la dawa kwamba siku hiyo sifiki kazini, nitakuwa stesheni. Nimenunua kiti cha kukuweka dirishani. Baba, mimi nakupangia maisha, wewe unanisimulia samaki anazunguka upande gani.

Unakuja au huji? Kama hapo ni pazuri kuliko kwangu, basi. Nyumba ni yako, maisha ni yako, fanya utakavyo. Mimi sitaumia.

Mahrokh

*

Isfahan, 18 Esfand

Mwanangu Mahrokh,

Nakusalimu na nakuombea heri. Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa naandika nachana.

Nakusimulia kwa utaratibu. Barua yako ilipofika nilimchukua samaki nikapanda naye ngazi kumrudisha, kama ulivyosema. Bi Farangis alikuwa amekaa juu ya sanduku katikati ya sebule, hakuna tena mazulia. Nikamwambia, kwa kutafuta la kusema, "Hongera, unakwenda kulelewa na wanao."

Akainuka. Halafu akanisogelea upande wa sikio langu zuri akasema, "Fundi, nikwambie? Mwanangu mkubwa aliniambia, mama njoo ukae nasi. Nikajua ni adabu tu. Na mimi kwa adabu nikamjibu, nitakuja mwanangu, niende wapi tena? Basi akaamini. Akaiuza nyumba hii. Juzi mkewe ananiuliza kwenye simu kama nitakaa kwao siku nyingi." Akacheka, Mahrokh, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Tumekaribishana mpaka tumebomoa nyumba."

Nilishuka nikishika ukuta, samaki bado yuko mkononi.

Usiku sikuota kitu. Asubuhi nikatoa vibao vyangu vya kuchapia kwenye sanduku ulilonifungashia mwaka jana, nikapaka rangi, nikamchapia kitambaa cha meza ya Nairuzi. Misonobari katikati, samaki pembezoni. Mkono umeanza kutetemeka, samaki wawili wametoka wanene kuliko wenzao. Nikampelekea nikasema ni zawadi. Zawadi hata yeye hana la kuijibu. Akakitazama muda mrefu, akasema, "Basi na wewe chukua langu," na safari hii hatukubishana.

Tangi liko kwangu. Tumelijaza, nikatandika gazeti chini yake kuona kama ile kona inavuja. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu hata herufi moja haijalowa. Bi Farangis ameondoka jana, akawaaga samaki kabla ya kuniaga mimi.

Uliniandikia nifanye nitakavyo. Najua hukuwa unamaanisha. Lakini na mimi nilipokuambia nitakuja sikuwa namaanisha. Uliniita, nami nilisema ndiyo kama mtu anavyosema ndiyo akikaribishwa. Nilidhani unaniita kwa sababu binti mwema lazima amwite babaye. Siji, mwanangu. Nataka kufia mahali ambapo mto unajulikana ulipita wapi, hata kama umekauka. Rudisheni tiketi. Nisamehe kwa hicho kiti.

Baba yako

*

Isfahan, 2 Farvardin

Mahrokh wangu,

Mwaka mpya uwe wa heri kwako na Kiumars. Sijapata barua yako. Pengine posta wamefunga kwa sikukuu.

Nilitandika meza peke yangu. Tufaha, kitunguu saumu, siki, ngano iliyoota, kioo. Badala ya bakuli nikaweka meza karibu na tangi. Wazee walikuwa wakisema mwaka unapogeuka samaki husimama tuli, kisha naye hugeuka. Nikawa nawatazama. Redio inayotangaza mwaka sikuisikia, kwa hiyo sikujua kama saa yenyewe imefika.

Walisimama. Wote wawili, wakiwa wameelekea dirishani, mapezi tu yanapepea, kisha wakageuka. Papo hapo nikaona simu inawaka mezani. Hunipigii siku hizi, unajua sisikii, lakini nilijua ni wewe, nani mwingine? Nikaishika nikaiweka sikioni, nyuki wakalia kwenye chupa. Nikasema tu, kama mtu anayeongea na kisima, "Mahrokh, samaki wamegeuka. Mwaka umeingia." Nikakaa nayo sikioni mpaka mwanga wake ulipozimika.

Kama hukuwa wewe, basi nimemtakia mwaka mwema mtu wa kampuni ya umeme.

Baba yako

*

Mashhad, 13 Farvardin

Baba, roho yangu,

Shikamoo. Uwe mzima, mimi ni mzima, mwaka wako uwe na heri.

Nilikuwa mimi. Nilisikia kila neno. Nilikuwa nakuita, baba, baba, mpaka jirani akagonga ukuta, nawe umetulia tu unapumua. Baadaye nikaacha kuita nikakusikiliza unavyopumua.

Nilikukasirikia sana. Kile kiti nilikigeuza kikatazama ukuta. Halafu nimekaa na barua yako ya Bi Farangis siku zote hizi za sikukuu, na kuna kitu nakuambia leo. Wanawe walikuwa wanatoa adabu. Mimi sikuwa natoa adabu. Nilipokuambia njoo, nilitaka uje. Habari za bafuni na goti nilizisema kwa kuwa ni rahisi kuzisema. Kweli yenyewe ni kwamba Kiumars anakaa visimani wiki nyingi kuliko anazokaa nyumbani, na mimi nakula nimesimama jikoni. Nikitoka kazini nawasha televisheni nimwache mtu aongee. Nilikuwa nimejipangia kwamba nikifungua mlango kutakuwa na redio inaunguruma na mzee anauliza kama nimevaa soksi. Chumba hakikuwa cha kukulea wewe, baba. Ni mimi niliyetaka kulelewa.

Leo siku ya kumi na tatu watu wote wamekwenda mabustanini kutupa ngano zao za mezani kwenye maji. Yangu bado iko dirishani, sikuwa na wa kwenda naye.

Sasa nakuuliza, na nakuomba ujibu kama ulivyonijibu mara ile, hata kama itauma. Duka la dawa wamenikubalia likizo, Kiumars anarudi kusini mwishoni mwa mwezi. Nataka kuja kukaa. Si siku mbili za kubusu mikono na kubeba peremende. Nataka kukaa masika yote, nione huo ukuta unaotembea. Usiniandikie kwamba nyumba ni yangu na hatua zangu ziko juu ya macho yako, hayo unamwambia hata fundi bomba. Umezoea utulivu wako na samaki wako. Niambie kweli: unanitaka?

Binti yako,
Mahrokh

*

Isfahan, 19 Farvardin

Mahrokh,

Njoo.

Nimesema mara moja tu, na hilo ndilo la tatu.

Baba