Ndizi Kabla ya Picha

Jumatatu, 3 Machi
Nimechuma majani chai, nimefua, nimepika. Mwanangu Kemunto ameanguka tena, macho juu, povu mdomoni. Kesho tunaenda Kisii akapigwe picha ya kichwa. Atadungwa dawa ya usingizi, maana mtoto wa miaka mitatu hatulii ndani ya mashine. Baada ya ugali wa leo jioni asile kitu. Nimemwambia mama mkwe, nikarudia. Ameguna tu. Huo mguno naujua.

Jumanne, 4 Machi
Hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Muuguzi aliuliza kama mtoto amekula. Nikasema hapana. Mama mkwe akakumbatia mkoba magotini. Dawa iko tayari kwa sindano. Ndipo Kemunto akamvuta nyanya yake leso: "Magokoro, nipe ndizi ingine."

Ingine!

Muuguzi akaweka sindano chini. Mtoto akitapika usingizini, akasema, chakula kinaingia mapafuni. Anaweza kufa. Tukarudishwa nyumbani hadi Jumanne ijayo. Mama mkwe ati hakuna mtoto anayetoka bomani kwake na njaa. Alimlisha nikioga! Ningefungua mdomo ningemtukana, na mkwe hatukanwi. Nikameza maneno.

Jumamosi, 8 Machi
Leo Sabato, kanisani amewaambia wamama eti namnyima mjukuu wake chakula. Walinikodolea macho wimbo mzima. Namchukia. Nimeandika na sifuti. Kemunto ameanguka mara mbili leo.

Jumatatu, 10 Machi
Ndizi zote nimefungia stoo. Ufunguo uko kwa sidiria. Kesho naenda na mtoto peke yangu.

Jumanne, 11 Machi
Mama mkwe alikuja. Nani alimwita? Alitufuata hadi barabarani, viatu vya kanisa miguuni.

Muuguzi alipouliza, alinitangulia kujibu. Mtoto hajala tangu jana jioni. Hata yeye hajala, akaongeza, na hakuna aliyemuuliza.

Alipodungwa, Kemunto akalala mikononi mwangu, mzito ghafla. Wakambandika waya kidoleni wa kuangalia pumzi na moyo. Muuguzi akabaki naye. Sisi tukangoja nje, kiti kitupu katikati yetu. Tumbo la mama mkwe likanguruma. Nililisikia. Nikajifanya sijasikia.

Picha ilipatikana. Kemunto aliamka akilia, akanywa maji, hayakurudi. Muuguzi akasema sasa anaweza kula.

Mama mkwe akatoa ndizi kwenye mkoba. Sijui aliipata wapi. Hakumpa mtoto. Alinipa mimi.

Bado nimemkasirikia. Nikaimenya, nikaikata katikati. Nusu nikampa Kemunto, nusu nikampa yeye.