Birika Lenye Tundu Katikati

Vyumba vya Nyuma,
Karakana ya Bati.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu kwanza, habari zitafuata. Hujambo? Shemeji naye hajambo? Na Kidoti, huyo binti yenu asiyetaka kuvaa viatu, ameshakubali au bado anawatoa jasho? Baridi ya huko imepungua, au mngali mnalala na soksi? Sisi huku tu wazima. Baba hajambo, na mgongo wake unamuuma pale tu anapotumwa jambo asilolitaka. Mimi pia sijambo, isipokuwa miguu yangu, ambayo tangu mwezi uliopita haitaki kukaa mahali pamoja. Hata sasa nimeinuka katikati ya salamu kwenda kufagia ua ambao ulikuwa safi.

Nakuandikia nikiwa uani, juu ya ile meza ya Baba ya kukunjia bati. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe huuliza, "Mzee hajambo?" nami hujibu, "Hajambo," kisha mtandao unakatika na jambo lenyewe linanibaki kooni. Leo nalitoa.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi inanitaka niende na kikosi cha wapimaji, kule bara inakokwenda kupita barabara mpya. Ni kazi ya miezi mingi, kulala kwenye mahema, kuhama kila baada ya muda. Mkuu wetu anataka jibu kesho asubuhi. Nikikataa, nafasi inakwenda kwa mwingine, na sidhani kama itarudi tena kunibishia hodi.

Kazi yangu unaijua. Nakaa chumba cha ghorofani, feni inalalamika juu ya kichwa changu, nachora ramani za mahali nisipopajua. Wenzangu wanarudi na vumbi kwenye viatu na namba kwenye mifuko, nami namba zile nazigeuza vilima na mito. Kuna mto mmoja nimeuchora mpaka kona zake zote nazijua kwa moyo, wala sijawahi kutia hata kidole kwenye maji yake. Nimechoka, Kaka. Nasema wazi kuwa nimechoka, na nina hamu ya kwenda mpaka chakula hakipiti.

Lakini nitamwacha na nani Baba? Tangu Mama atutoke mwaka jana, ni mimi na yeye tu katika vyumba hivi viwili. Nilipokugusia habari hii ukaniambia subira yavuta heri, ningoje mpaka urudi. Hiyo heri nimeivuta mpaka kamba inakaribia kukatika. Na Baba naye, kila nikimtajia safari, anajitia hamnazo. Anakohoa. Anakumbuka ghafla kuwa kuna ndoo ya mtu haijatiwa mpini.

Basi, tuje kwenye birika lako. Lilifika. Najua nimechelewa kukushukuru, na kuchelewa huko kuna sababu ambayo Baba ameniomba nisikuambie. Nitakuambia.

Nikukumbushe, maana mtu akikaa mbali husahau maneno yake mwenyewe. Ulilituma kwa sababu Baba alilalamika kuwa chai ya gesi haina ladha, na kwamba tangu Mama afariki hajanywa chai ya maana. Ukasema huko uliko watu wakienda kulala porini hubeba birika linalochemsha maji kwa vijiti vichache tu. Vizuri sana, ahsante. Lakini si ungeandika basi hata mstari mmoja wa maelezo! Karatasi iliyokuwamo ndani ya boksi ilikuwa kwa lugha ambayo mtaani kwetu haina mwenyewe.

Mimi nilikuwa kazini. Baba akalifungua peke yake. Akaligeuza, akalichungulia kwa juu, akaona mwanga chini. Unamjua baba yako. Maisha yake yote ameyamaliza akiziba mabirika ya watu yaliyotoboka, na sasa mwanawe mwenyewe kamletea birika lililotoboka kutoka juu hadi chini, tundu la kupita mkono. Akasikitika kweli. Akajua huko ughaibuni wameona mgeni, wakakuuzia mbuzi kwenye gunia. Na kwa kuwa hakutaka uone haya, akaamua kuliziba kimyakimya, asikuambie kamwe.

Na alivyoliziba, Kaka! Alikata kipande cha bati jipya, akakigonga mpaka kikakaa sawasawa chini ya lile tundu, akakilehemu kuzunguka pote bila kuacha nafasi ya kupita hata uzi. Nilipotoka kazini nilikuta birika limesimama juu ya meza hii linang'aa, naye amekaa pembeni, mikono kifuani, ameridhika.

"Usimwambie kaka yako," akasema. "Ataumia roho bure. Sisi tumeshamalizana nalo."

Mimi nami sikujua zaidi yake, kwa hiyo nikamsifu. Tukaenda kulijaribu. Akamimina maji kwa juu, katika lile tundu alilolizibia kitako, akaliweka juu ya kile kisahani cha moto kilichokuja nalo, akawasha vijiti. Moshi haukuwa na pa kupandia. Ukatoka ubavuni, ukatuingia machoni, ukaingia chumbani, ukajaa uani. Mama Chumvi, yule jirani yetu mpishi wa bweni, ambaye kwake kila kitu cha dunia kimepungua chumvi, akachungulia juu ya ukuta.

"Fundi, mnapika chai au mnafukuza mbu?"

Baba aliinamia moto. Alikuwa anapuliza. Alipuliza mpaka nikamhurumia, kisha akaona yatosha, akalishika birika kwa mpini ili amimine. Mdomoni halikutoka hata tone. Akaliinamisha zaidi. Maji yakatoka kwa juu, yakamwagika yote miguuni mwake. Bahati yalikuwa vuguvugu, moto wenyewe ulikuwa hauna nguvu. Akasimama pale na viatu vilivyolowa, akilitazama.

"Na mdomo nao umezibwa! Mwanangu wamemwibia mchana kweupe."

Akaingia karakana akatoka na patasi na nyundo, atoboe njia ya kwenda mdomoni. Hapo ndipo nilipomshika mkono. Sikuwa na sababu ya maana, nilikuwa tu nimeona jambo lisilonikalia vizuri: birika lile kwa nje ni pana, lakini lile tundu la ndani ni jembamba. Sasa katikati hapo pana nini? Nikaligonga kwa kucha. Likalia utupu. Nikaliweka chini ya bomba, nikatia maji kwa mdomoni. Likanywa, likanywa, halishibi.

Nikachukua penseli yake ya kuwekea alama, nikamchorea juu ya meza hii hii birika lililokatwa katikati, vile ofisini tunavyokichora kilima kilichokatwa ili mtu aone tabaka zake. Hapa katikati ni njia ya moto. Maji yanakaa pembeni, katikati ya kuta mbili, yameuzunguka moto pande zote. Ukiliziba tundu, umeliziba pua.

Baba aliinamia mchoro ule, akazifuata kuta zake kwa kidole. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka Mama Chumvi akarudi kwenye ukuta kuona kuna nini, naye akacheka bila kujua anachokicheka. Kaka, tangu siku ya mazishi sikuwa nimekisikia kicheko kile. Nilifurahi nikajikuta nalia, nikasingizia moshi.

Alikibandua kiraka chake mwenyewe kwa koleo, huku akikisifia kwamba kimeshika kweli. Safari hii tulitia maji mdomoni, tukatia maranda ya mbao na vijiti chini, tukawasha. Moto ukapanda ndani ya lile tundu ukivuma. Nilikwenda kuosha vikombe, na kabla sijavimaliza Baba ananiita, mvuke unatoka mdomoni. Chai ile ilikuwa na moshi, ilikuwa na majivu kidogo, na Baba alikunywa vikombe vitatu.

Nimeinuka tena. Safari hii nimekwenda mpaka barabarani nikarudi, sijui nilikuwa nakwenda kununua nini.

Sasa, tangu siku ile mambo yamebadilika hapa, na ndiyo maana nakusimulia yote haya. Baba aliyekuwa akikaa ndani mpaka jua linachoma, siku hizi akishaamka hutoka kuokota vijiti. Anakwenda mpaka kwa seremala kuomba maranda, na huko anasimama kuzungumza. Watu aliowakwepa tangu msiba sasa anawasalimia, kwa sababu huwezi kuokota vijiti mbele ya mlango wa mtu ukapita kimya. Anarudi na mzigo mdogo kwapani na habari za mtaa mzima.

Amelikatia birika pete ya bati ya kukaa juu ya tundu, akaweka kikaango, sasa maji yakichemka chini yeye juu anakaanga mayai. Moto mmoja, kazi mbili, anapenda kusema hivyo kwa kila anayepita. Mama Chumvi huja na kikombe chake na umbea wake, na siku nisipokuwepo ndiye humkumbusha vidonge vya presha. Ananiambia mayai ya Baba yamepungua chumvi. Anayala yote.

Nilipoona hayo, nikadhani sasa nitaweza kusema naye. Wiki iliyopita nikapiga moyo konde. Nikamwambia, Baba, jibu linatakiwa Jumatatu. Akaniuliza kama nimeona mkasi wake mdogo wa bati. Ulikuwa mkononi mwake. Nilikasirika, Kaka, siwezi kukuficha. Niliingia ndani nikaufunga mlango kwa kishindo, jambo ambalo Mama asingenisamehe. Kimya kingi kina mshindo, lakini mimi nilikuwa nimechoka kuungoja mshindo wenyewe.

Tangu hapo amekuwa akijifungia karakana kila jioni. Nasikia nyundo, nasikia mkasi. Nikiuliza anatengeneza nini anasema funeli la mtu. Mimi nikawa naivunja barua hii kichwani na kuiunga upya. Mara ni ya kukuomba urudi. Mara ni ya kukulaumu. Jana niliazimia kuwa itakuwa ya kukuambia nimekataa kazi, basi, yamekwisha, na nilipokaa hapa asubuhi hii nilikuwa nimeshika kalamu niandike hivyo.

Nilipofika mstari huu, Baba akatoka karakana. Mkononi ana kitu amekifunga kwa kitambaa cha kufutia mafuta. Akakiweka juu ya karatasi yangu, akakifunua.

Birika. Dogo, nusu ya lile la kwako, la kuingia kwenye begi bila kusumbua nguo. Kuta mbili, tundu katikati, mpini wa waya nene uliovishwa mpira usiniunguze. Kaligonga lote mwenyewe kutokana na ule mchoro wangu, ambao kumbe aliunakili kabla ya kuufuta mezani. Hakuketi. Alikuwa anautazama ukuta wa Mama Chumvi.

"Utatia maji kwanza, ndipo uwashe. Kavu litaungua, lehemu yote itayeyuka. Na kizibo cha mdomoni ukitoe kabla ya moto, usikisahau."

"Ndiyo, Baba."

"Huko mnakokwenda," akasema, "vijiti vikavu vinapatikana?"

Kaka, ni mara yake ya kwanza kutamka neno la kwenda. Nimeuchora upande ule wote wa nchi, kila bonde na kila mkondo, na sikujua jibu, kwa sababu kwenye ramani hatuchori vijiti. Nikamwambia vinapatikana, tele. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi vizuri, akaenda zake kwa seremala. Sikutaka ageuke auone uso wangu, nikalinyanyua lile birika nikajitia nachungulia kazi yake kwa juu. Lehemu imekaa safi. Na chini kabisa, katika ule mwanga wa tundu, nikaiona miguu yangu mwenyewe.

Kwa hiyo barua hii sasa si ya kukuomba ruhusa. Kesho naitikia. Nakuomba jambo moja tu: nikishaondoka, mpigie Baba asubuhi, wakati yuko kwenye moto. Muulize birika linaendeleaje. Akikuambia lilifika zima, halina kasoro hata kidogo, wewe mshukuru Mungu na ulinyamazie lile la kiraka.

Nisalimie sana Shemeji. Mwambie Kidoti shangazi yake amekubali kuvaa viatu, tena vya kufunga kamba, sasa imebaki zamu yake. Baba anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Mama Chumvi naye anakusalimu, anasema barua zako zimepungua chumvi. Mungu akulinde huko uliko, awalinde na wote walio chini ya dari yako, na siku ukirudi ukute moto unawaka.

Wako akupendaye, yule ambaye Mama alipenda kumwita,

Kiguu na Njia