Alama ya Tsofa Kwenye Mpini

Mwabungo, Ukunda
9 Mei

Shemeji yangu Mwero,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wako wote hapo Lunga Lunga. Je, mgongo umepunguza kukusumbua? Sisi tu wazima, ingawa nyumba imekuwa kubwa tangu ndugu yako Tsofa atutoke. Asubuhi bado nashika ufagio kwenda kuzoa maranda ambayo hayapo.

Habari za soko zinatia hofu. Alamin, mwenye duka la vifaa hapa Ukunda, anasema zamani vilikuwa vikija vyuma vya majembe na mashoka peke yake, mipini tukachonga wenyewe. Sasa mipini nayo inashuka bandarini kwa makontena, imepakwa vanishi, na kila shehena yazidi iliyopita. Mwakani, anasema, vyuma vitakuja vimeshaunganishwa na mipini. Nilimkumbusha kuwa mpini wa Tsofa ulikuwa wa mti mgumu wa mkone, ukikaushwa miezi mitatu juu ya moshi wa jiko. Akacheka kwa upole, akaniambia mama, mteja wa leo hangoji moshi.

Juzi alikuja Mumbe, yule Mkamba wa Shimba Hills mwenye maneno mengi. Mpini wa shoka lake ulikatika akipasua kuni, chuma kikampita sikioni, kikajikita mlangoni pa zizi. Alisema Tsofa alimtania akiwa hai, na sasa anamrushia mashoka kutoka kaburini. Tulicheka. Kisha akasema polepole kwamba labda mwishoni marehemu alichoka, akawa anachonga ovyo.

Shemeji, mpini ule hakuuchonga Tsofa. Mipini yake iliisha Januari. Nilichukua ya kontena kwa Alamin, nikaiparua vanishi kwa kipande cha chupa, nikaitia moshi wiki moja, nikaichoma ile alama yake ya mistari miwili. Watu wakanunua, nami nikanyamaza. Na ule niliokupelekea kwa mkono wa Japheth mwezi wa tatu ni mmojawapo.

Najua unafyeka shamba jipya. Tafadhali usipige tena hata pigo moja. Japheth, anayekuletea barua hii maana kwa simu nisingethubutu kuyasema haya, nimemwomba asiondoke kwako mpaka auone umetoka kwenye shoka. Kesho naenda kwa Mumbe, kisha kwa wengine wanne, niwaambie mkosaji ni mimi.

Siku ile uliponipigia simu ukasema umeunusa mpini ukamsikia ndugu yako, harufu ile haikuwa yake. Ulikuwa moshi wa jiko langu tu.

Nisalimie watoto, na Bibi umshikie miguu kwa niaba yangu.

Ni mimi shemeji yako,
Kahaso