Herufi Kwenye Unga wa Mahindi

Kwako Mama mpendwa,

Naomba karatasi hii ikufikie ukiwa mzima, na lile goti liwe limekupa nafasi ya kupumua baada ya kukutesa Krismasi nzima. Je, barafu imeshatoka kwenye ngazi za barazani? Bwana Petrie bado anakuja kukuzolea theluji, au ameanza tena visingizio vya mgongo? Msalimie, mwambie keki yake ya tufaha nimeikumbuka.

Sisi huku Montana hatujambo, ila upepo ndio usiseme. Ni msimu wa ng'ombe kuzaa, kwa hiyo hakuna anayeshiba usingizi. Ninavyokuandikia, ndama wawili waliozaliwa kwenye baridi kali wamelala jikoni kando ya jiko, na mmoja analamba mguu wa meza kana kwamba umepakwa asali. Mjukuu wako Hattie amewapa majina ambayo Wade baba yake anaona haya kuyatamka mbele ya wanaume wenzake.

Najua unachotaka kusikia kwanza. Ulipouliza mwezi wa tisa kama nina akili timamu kumtoa Tobin shule na kumsomesha mwenyewe nyumbani, wewe uliyezeeka ukifundisha watoto wa watu, nilikata simu kwa adabu na tangu hapo nimekuwa nikikujibu habari za hali ya hewa tu. Leo nakueleza yote.

Sababu unaijua. Mtoto wa miaka minane alikuwa akiamka kila asubuhi anaumwa tumbo, na wenzake darasani wamempachika jina la Jiwe kwa sababu akiambiwa asome ananyamaza. Nikasema basi, arudi kwangu. Nilianza kwa kishindo, Mama. Nilinunua madawati mawili, nikatundika ubao sebuleni, nikabandika ratiba ukutani, nikatafuta na kengele ya shaba. Saa mbili kamili naigonga, na Hattie ambaye hata umri wa shule hajafika anasimama wima kama askari.

Kabla ya majani kumalizika kupukutika, nyumba ilikuwa imegeuka uwanja wa vita. Tobin akiona kitabu machozi yanamlengalenga. Siku moja kengele imelia, mtoto hayupo. Nilimkuta juu ghalani, amejizika kwenye nyasi kavu hadi kifuani. Nikamuuliza anamkimbia nani. Akanijibu bila hasira hata kidogo: "Zamani nilikuwa na mama. Sasa nina mwalimu tu."

Nilishuka ngazi ya ghala peke yangu. Jioni ile Wade akasema neno lake, na unajua Wade hasemi mara mbili. Alisema tutajaribu mpaka Pasaka, na kama hali ni hii hii, mtoto anarudi kwenye basi la shule.

Hapo ndipo akaingia Bi Verna Haugen. Anakaa ng'ambo ya kijito, mjane, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuitia ng'ombe. Watoto wake saba wote amewasomesha kwenye meza ya jikoni, na kitinda mimba wao ameondoka juzi kwenda kusomea uuguzi. Alikuja kwa kisingizio cha kuniletea mayai, akanikuta nagonga kengele.

"Nani kafa?" akauliza.

Nikamweleza kuwa ni saa ya hesabu. Alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akaniangalia vizuri usoni, kicheko kikamwisha, akavua koti. Akaniambia: "Binti, wewe hukumtoa mtoto shule. Umeihamisha shule ukaileta alale nayo."

Kengele aliondoka nayo siku ile ile. Akaniamuru nifunge vitabu mpaka theluji ya kwanza ianguke. Nilipopinga kuwa Tobin atabaki nyuma, aliniuliza nyuma ya nani, maana hapa kuna yeye na dada yake na ng'ombe. Nikavifunga vitabu.

Mama, natamani ungemwona anavyoishi. Hana ratiba, lakini siku yake ina mwendo kama wa maji. Alinifundisha kuwa mtoto mwenye njaa hafundishiki, na mama mwenye njaa ndiyo kabisa, kwa hiyo nile kwanza mimi. Asubuhi niwape kazi ya mikono kabla ya kazi ya kichwa. Niwasomee hadithi kwa sauti huku wao wakikanda unga au kuchora, nisiwalazimishe kukaa kama sanamu, kwa sababu masikio hayako matakoni. Nikihisi hasira inapanda, niende nikaoshe vyombo, na kama vyombo vimeisha nioshe vilivyo safi. Kuhusu fujo ya nyumba, alisema nichague kona moja tu iwe nadhifu, niweke kiti changu hapo, halafu nigeuzie sehemu nyingine mgongo. Nimefanya hivyo. Kona yangu iko karibu na dirisha la kusini, na ukija usitazame mbali zaidi ya hapo.

Ilipofika Desemba Tobin alikuwa anacheka tena. Alikuwa anapima unga wa mkate kwa vikombe na kunigawia nusu na robo bila kujua kuwa hiyo ndiyo hesabu iliyokuwa inamliza. Lakini kusoma, Mama, hapana. Bado b ilikuwa d leo, na kesho d ilikuwa b. Mimi nilianza tena kuogopa, na Wade kila nikitaja kitabu alikuwa anachukua kofia na kwenda zizini. Nilimwomba awasomee watoto hadithi Jumapili baada ya chakula, kama Bi Verna alivyoshauri. Akasema kuna ng'ombe anachechemea. Jumapili iliyofuata nikamwomba tena, akachechemea ng'ombe mwingine.

Bi Verna alikuwepo siku hiyo ya pili. Kesho yake alikuja na sinia la kuokea, akalimwagia unga wa mahindi, akalitikisa likasawazika. Akamshika Tobin kidole, wakachora b kubwa kwenye unga huku wakiitamka kwa sauti, wakafuta, wakachora tena. Alieleza kuwa mwanawe wa tatu, Dell, ambaye sasa anajenga madaraja, naye herufi zilikuwa zinamgeukia hivyo hivyo. Si uvivu wala ujinga. Macho yanaona sawa, ila kichwa kinahitaji njia yake, na njia hiyo hupitia kwenye kidole. Alikuwa akija na sinia lake kila asubuhi, na kila mara alihakikisha anaanza wakati Wade amerudi kunywa kahawa.

Wade alikuwa anasimama mlangoni na kofia kichwani, kikombe mkononi, kama mtu anayepita tu. Kahawa ikaanza kuchukua muda mrefu. Kisha asubuhi moja ya Februari akavuta kiti, akaketi, akavua glavu. Akaingiza kile kidole chake kinene kwenye unga na kuchora polepole.

Tobin akatazama, akasema: "Baba, hiyo ni d. Tumesema b."

Nilidhani atatania. Wade akabaki ameinamia sinia. Akasema: "Najua, mwanangu. Na mimi huwa zinanigeuka. Tangu nikiwa mdogo kama wewe."

Tobin akasogeza kiti chake karibu, akamshika baba yake kidole kama alivyoshikwa yeye. "Haina shida. Anza na kijiti kwanza, tumbo baadaye."

Mama, nimeolewa na mtu huyu miaka yote hii, na sikujua. Hilo ndilo nililotaka kukwambia tangu mwanzo wa barua, nikazunguka kijiji kizima. Wade hajui kusoma, au tuseme alijua kidogo sana, maneno ya mabango na majina ya dawa za mifugo. Kila karatasi iliyoingia humu ndani aliniambia, "Soma wewe, wewe ndiye mtoto wa mwalimu," nami nikadhani ananisifu. Tukienda hotelini alikuwa anaagiza ninachoagiza mimi, nami nikadhani ni mapenzi. Labda na mapenzi yalikuwemo.

Na sasa utaelewa siku ya mazishi ya Baba. Ulimkabidhi Wade Biblia mbele ya watu wote asome zaburi aliyoichagua marehemu, naye akaiweka kwenye kiti, akatoka nje akakaa garini. Ulisema hujawahi kudharauliwa hivyo, na tangu siku ile hujakanyaga kwetu. Sikuwa na la kumtetea kwa sababu nami nilikuwa nimemkasirikia. Ameniambia kuwa kule garini alijaribu kuisoma kichwani jinsi alivyoisikia kanisani utotoni, akashindwa kwa kilio.

Nilimuuliza Bi Verna kama alijua. Akaniambia kuwa mtu humwonyeshi kidonda chake. Unamwekea maji ya moto karibu, unaendelea na shughuli zako. Nimewaza sana juu ya mwanamke huyo, Mama. Nilifikiri amekuja kunifundisha kufundisha, kumbe alikuwa anaitazama familia yangu yote kwa pamoja.

Tobin sasa anasoma vitabu vyembamba, polepole, lakini bila machozi. Baba yake yuko kurasa chache nyuma yake, na wanashindana kwa matusi ya kirafiki ambayo siwezi kukuandikia. Shule hatujaifungia mlango. Akitaka kurudi, atarudi. Kuhusu Pasaka, Wade mwenyewe ameacha kuitaja.

Wade ndiye aliyeniruhusu nikuandikie haya. Alisema ni afadhali ujue una mkwe asiyejua kusoma kuliko uendelee kudhani una mkwe asiye na heshima. Nami naongeza langu: sijawahi kujivunia kuwa mke wake kama ninavyojivunia sasa.

Nisalimie Shangazi Eunice na majirani wote wa barabara yenu. Watoto wanakubusu mikono, na ndama wangekusalimu kama si kulala. Jifunike vizuri, goti lipate joto.

Ni mimi bintiyo anayekupenda,
Maren

Nimemwachia Wade nafasi hapa chini. Ameomba nisisimame nyuma yake.

MAMA. SIKU ILE SIKUKUDHARAU. NILIOGOPA. BABA ALINITENDEA WEMA. NJOO KWETU. NITAKUJA KUKUCHUKUA MIMI MWENYEWE. WADE