Herufi Nene za Mkiwa

Jumatatu, 2 Oktoba
Nimefungua duka langu la kuandika mabango, sijaketi hata, mteja anataka "zile herufi nene." Saluni. Aliyefuata ni kinyozi. Zilezile. Mtaa wetu mzima wa Utemini unaandikwa kwa herufi zilizovimba. Sizichukii. Zina furaha, hazina kona, zimejaa kama maandazi yaliyoumuka. Kwa biskuti, sawa. Kwa chekechea, sawa kabisa. Lakini si kwa kila kitu, jamani!

Jumatano, 4 Oktoba
Mwenyekiti wa kitongoji amekuja kutoka Mkiwa na Mama Rehema. Rehema yuko darasa la pili. Lori lilimgonga akivuka kwenda shule, likamvunja mguu. Wanataka kibao kando ya barabara. Nimeumia moyo. Kisha Mwenyekiti akanisomea maneno: NDUGU DEREVA TAFADHALI PUNGUZA MWENDO KWANI WATOTO WETU WANAVUKA HAPA KWENDA SHULE. Yote kwa herufi nene. Nikamwambia hayatasomeka.
"Binti yangu, nene ndiyo inaonekana. Nyembamba nani ataiona?"
Kubishana na mzee. Kazi bure.

Ijumaa, 6 Oktoba
Nimepaka. Vibaya sana. Herufi hizi zina matundu madogo. Ukizibana zienee, tundu la A linazibika, tumbo la D linazibika. Nimempigia Mwenyekiti. Hataki kusikia. Basi.

Jumatatu, 9 Oktoba
Nimekwenda Mkiwa kukiona kibao kilivyosimikwa. Kwa mbali herufi ni safu za mayai. Malori yanapita vilevile, vumbi juu. Dereva mmoja aliyesimama kununua vitunguu akauliza, "Pale mnauza nini?" Mwenyekiti akasema kosa ni la rangi yangu. Rangi! Nilitaka kulia kwa hasira. Mama Rehema alikitazama kibao muda mrefu.

Jumanne, 10 Oktoba
Mama Rehema amekuja peke yake. Akauliza, ingekuwa mimi ningeandika nini. Nikamwambia neno moja. WATOTO. Kwa herufi zilezile nene, kubwa, zenye nafasi ya kupumua. Nyeusi juu ya njano. Kazi ya herufi nene ndiyo hiyo: neno moja, usoni kwa mtu.
"Mwenyekiti atakasirika," nikasema.
"Akasirike. Mguu ni wa mwanangu."
Nimeanza kupaka hapohapo.

Alhamisi, 12 Oktoba
Mwenyekiti amekuja na Mama Rehema kuchukua kibao kipya. Amekasirika. Shikamoo yangu aliiitikia akiwa ameshatazama kibao. Iko wapi "tafadhali"? Yuko wapi "ndugu dereva"? Hakina adabu. Watu watasema Mkiwa hatujui kuomba. Nimeeleza mpaka koo likakauka. Akarudia yaleyale. Nikaeleza tena. Nilikaribia kumpa brashi apake mwenyewe.
Mama Rehema akasema taratibu, "Mwenyekiti, lori halisubiri salamu."
Mzee akakigeukia kibao. Akakitazama tena. Akakiinua mwenyewe, akakipakia kwenye pikapu. Hakuaga.

Jumatatu, 16 Oktoba
Nilifika Mkiwa asubuhi, kibao kipya kimeshasimikwa. Rehema amerudi shule, anatembea kwa magongo. Nilisimama na mama yake kando ya barabara. Lori la kwanza halikupunguza. Nikatukana kimoyomoyo. La pili likapunguza, likasimama kabisa. Dereva akatoa mkono dirishani, akampungia avuke.
Rehema akavuka. Polepole. Gongo, mguu, gongo. Mama yake alinishika mkono, akaubana mpaka mtoto akafika ng'ambo.
Lori likaondoka. Tukabaki pale kidogo, tukimtazama akiingia shuleni.